Ule Mlango

Tikiti elfu tano, kule Nguba.
Viti vya kitambaa, ukuta mweupe, jenereta isiyokohoa.
Nilivaa shati la harusi ya Nsimire.
Sehemu ya pili nimeingoja miaka kumi na moja;
mtoto aliyezaliwa nilipoanza kungoja
leo ananishinda hesabu.

Ya kwanza tuliitazamia Kadutu, kwa Murhula:
kibanda cha mbao, runinga ya kisogo kirefu,
franga mia moja, na mwenye shingo ndefu akae nyuma.
Filamu ilisema Kiingereza.
Murhula alisema yote yaliyobaki.
Nahodha akipumua, Murhula anapumua.
Na lile roboti la kutu, fundi wa chombo,
alilipa sauti ya shangazi muuza sambaza:
“Mwanangu, hewa ikipungua usiipigie kelele.
Ipumue kama unavyolipa deni,
kidogo kidogo, ukiangalia pembeni.”

Nimeyasema maneno hayo hospitalini, mama akihema.
Nimeyasema kwenye foleni ya maji.

Kisha roboti likabaki peke yake mbele ya mlango wa mwisho,
mkono wa chuma juu ya kitasa,
na SNEL wakakata umeme.

Hakuna aliyeondoka.
Mvua ilikuwa inatembea juu ya mabati.
Murhula akawasha tochi, akajimulika kidevu,
akatumalizia filamu gizani:
roboti likagonga mara tatu, kama mgeni mwenye adabu,
likapiga hodi kwa lugha za sayari zote zilizoungua,
likatega sikio.
“Kuna mtu,” likasema. “Ananiogopa kama ninavyomwogopa.
Tungoje.”
Likaketi chini.
Basi.

Tuliteremka kwenye matope bila kusemezana.
Wavulana ishirini, kimya.
Aliyewahi kuwa na wavulana ishirini anajua bei ya kimya hicho.

Sasa Nguba.
Dakika ya nne mlango ukafunguliwa. Kwa bomu.
Na ndani? Baba wa nahodha.
Eti baba yake!
Anga lote hilo, nyota zisizo na idadi,
na wamekosa mtu mwingine wa kumweka humo.
Roboti wamelipaka rangi, kutu hakuna, linacheza dansi.
Limesema maneno sita, nimehesabu kwa vidole,
na matatu yalikuwa “ndiyo”.
Baada ya hapo meli zikapasuka,
zikapasuka,
nyingine zikaja ili zipasuke,
hadi kijana wa mbele yangu akasinzia na bisi mdomoni.

Sikupiga mluzi. Sikudai pesa.
Niliuma kola ya shati la Nsimire
mpaka taa zikawaka, na watu wakauliza choo kiko wapi.

Murhula nilimkuta bandarini,
anapakia saruji kwenye boti ya Idjwi.
Nikamshtakia kama mtu anayeshtaki kwa shemeji:
shangazi yetu wamemfanya nini?
Sauti yake iko wapi? Lile neno la deni, mbona hawalikumbuki?

Akapangusa vumbi kwenye nyusi.
“Ndugu yangu, Kiingereza sikukijua hata kidogo.
Niliogopa mtadai franga zenu.”

Na mwisho? Ule wa tochi?

“Mwisho sijauona mpaka leo.”

Nikasimama pale kama mtu aliyerudishiwa barua yake mwenyewe.
Boti ikapiga honi. Mtu akatukana kwa Kihavu.
Murhula akajitwisha mfuko mwingine, akaenda hatua mbili,
akageuka taratibu, shingo imekaza chini ya kilo hamsini.

“Kwani waliufungua, ule mlango?”

Nikatazama kamba. Nikatazama kandambili zake,
moja nyekundu, moja ya buluu.

“Bado,” nikasema.
“Lingali limeketi.”